Kichomi kwa mizani ya nani?

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, wapo waliosema wazi kwamba hayo si mashairi. Hayana vina, hayana mizani, hayaimbiki; basi ni nathari iliyokatwakatwa. Wengine wakaongeza la pembeni: huyu ni mtu wa Ukerewe, pwani hakulelewa, ushairi wa Kiswahili ataujulia wapi? Kezilahabi alitutoka Januari 2020, lakini hoja hizi hazijafa. Ukitaka kuzisikia, kaa na walimu wawili wa fasihi saa ya chai.

Mimi sina haja sana na nani alishinda. Kinachonishughulisha ni kipimo chenyewe. Tunakiita "mapokeo", kana kwamba tuliachiwa na mababu kikiwa kizima. Lakini Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kinachotajwa kila ugomvi huu unapozuka, ni cha 1954, miaka 20 tu kabla ya Kichomi. Na mwandishi wake, Kaluta Amri Abedi, alizaliwa Ujiji. Ndiyo, Ujiji ile ya Ziwa Tanganyika! Kwa hiyo hilo la ubara tuliweke kando. Haliwezi kumfukuza mmoja na kumkaribisha mwingine.

Amri Abedi hakubuni vina, sisemi hivyo. Muyaka bin Haji alikuwa akitunga tarbia zake Mombasa zaidi ya karne moja kabla yake. Ila sheria ikishaandikwa, kilichobaki nje yake huanza kuonekana kosa. Tumbuizo za Lamu, zenye mishororo mirefu isiyobanwa na nane kwa nane, siku hizi ni nani anayezikumbuka anapotaja mapokeo? Tumempunguza babu mpaka akaenea kwenye kitabu.

Upande wa pili nao una lake. Wapo wanaomtetea Kezilahabi kwa kusema vina ni pingu, kwamba mshairi aliyefungwa na vina hawezi kusema jambo jipya. Hoja hiyo ni ya watu wa Ulaya walipokuwa wakigombana na mashairi yao wenyewe. Sisi tukaipokea bandarini bila hata kufungua kasha. Jibu lake lilikwisha kuchapishwa mwaka mmoja kabla ya Kichomi: Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mashairi aliyoyatunga gerezani kati ya 1969 na 1972, baada ya kuipinga serikali ya Kenyatta kwa maandishi. Vina vimetimia, mizani imetimia, na ukali haujapungua hata chembe. (Mwaka 1974 kitabu hicho kikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta! Dunia ina mambo.)

Nionavyo, wawili hawa wanaishi kwenye viungo tofauti vya msomaji. Abdilatif anaishi sikioni. Msomee mtu kwa sauti: kabla mshororo haujaisha ameshakisikia kina kinakuja, anakingoja, na mshairi anajua kwamba anangojwa. Neno linaloumiza analiweka hapo hapo. Kezilahabi anaishi machoni. Mstari wa maneno mawili umeachwa peke yake, chini yake karatasi nyeupe, nawe unasimama hata kama hukutaka. Ukiliimba umeliua; hutoka kama tangazo la redio.

Simaanishi kwamba kila kilichomo Kichomi ni dhahabu. Kuna mahali Kezilahabi anatupa taswira nzuri kisha, kama mwalimu asiyeliamini darasa lake, anaanza kutueleza maana yake. Hapo shairi linalegea. Lakini huo ni udhaifu ambao vina visingeuponya, na wapinzani wake hawakufika huko, maana waliishia kwenye kuhesabu.

Darasani sasa wote wawili huulizwa maswali yale yale: taja bahari, hesabu mizani, eleza arudhi. Akipewa Kezilahabi, mwanafunzi huandika: halina vina, halina mizani, halina kibwagizo. Ameorodhesha visivyokuwepo, na anapewa alama zake zote.