Kuondoka Mwanza Saa Nane Mchana

Tiketi tulikata ATC House, Ohio Street, Posta: kijitabu chembamba chenye kaboni nyekundu, jina lako likiandikwa kwa mkono. Kwenye foleni hawakukosekana wafanyabiashara waliotoka kununua bidhaa Kariakoo. Hiyo ni miaka ya 1990, na ndege zilikuwa zimeshakula chumvi. Shirika letu la ndege, ATC, lilianzishwa mwaka 1977, baada ya lile la Afrika Mashariki kuvunjika, likanunua Boeing 737-200 mbili mwishoni mwa muongo huohuo. Zilikuwa na twiga mkiani na mlango mpana wa shehena ubavuni.

Kuruka kutoka Dar hakukunifunza mengi. Uwanja uko karibu na usawa wa bahari, hewa ni nzito, ndege inaondoka. Mwanza ndiko nilikoanza kuiheshimu kazi ya rubani.

Uwanja wa Mwanza uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua la saa nane huifanya nyepesi zaidi. Hapo ndege huumia mara mbili. Bawa hukosa hewa ya kutosha kuliegemeza, kwa hiyo ndege lazima ikimbie zaidi. Na injini nazo, zikimeza hewa pungufu, husukuma kwa nguvu pungufu. Zile JT8D za Pratt & Whitney, nyembamba, zimebanwa chini ya bawa, zilinguruma hadi kifua kikatetemeka, lakini kelele haikuwa nguvu.

Kwa hiyo kazi ilianza ndege ikiwa bado imesimama. Uzito wa abiria, shehena na mafuta, joto, upepo, urefu wa njia ya kurukia: vyote vilipelekwa kwenye majedwali ya karatasi, zikatoka kasi tatu. Ya kwanza ni ya uamuzi. Ukiipita, unaruka hata injini moja ikizimika. Ya pili ni ya kunyanyua pua. Ya tatu ni ya kupanda salama kwa injini moja. Hesabu ikikataa, uzito unapunguzwa, na hakuna kubembelezana.

Kisha ndege inakimbia. Inakimbia na kuzidi kukimbia, majani ya ukingoni yanapita, na wewe dirishani unajiuliza mbona hainyanyuki. Mkono mchanga ungevuta usukani. Pua ikiinuka kabla ya wakati, hewa huikinza ndege na kasi hugoma kupanda. Rubani hodari anaiacha ikimbie mpaka kasi yake itimie, ndipo anavuta, polepole, bila kushtua kitu.

Juu ya ziwa bado hana pupa. Magurudumu yanaingia, akifika kimo chake analaza pua kidogo ili apate mwendo, na flapi zinarudi bawani hatua kwa hatua. Abiria wengi hushika viti hapo, wakidhani tunashuka. Kwangu hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote: mtu ana nguvu kidogo, na hapotezi hata chembe yake.

Siku hizi kuna Airbus A220, zenye injini za kampuni ileile, pana na tulivu, na nguvu ya kutosha. Hesabu hufanywa na kompyuta. Kasi zinazotafutwa ni zilezile tatu.