Tabaka kwa Miguu: Kulifuata Jiwe Kutoka Shimoni

Tabaka haina lango wala kibanda cha tiketi. Ukitoka mjini Kisii, nchini Kenya, kwa matatu ya barabara ya Migori, ukaipita Suneka kisha ukakata kuingia Mugirango Kusini, utajua umefika kwa kutazama chini. Udongo wa Gusii ni mwekundu, lakini hapa kando ya njia kuna weupe, kama unga uliomwagika posho mill. Ni vumbi la jiwe la sabuni. Limekaa juu ya majani ya migomba, juu ya mabati, hata kwenye nyusi za wanaume walioketi kivulini na visu mikononi.

Wageni wengi huletwa kwa gari, hushushwa mbele ya duka, hununua kiboko mmoja wa jiwe na kuondoka kabla ya saa sita. Wameona bidhaa, kazi hawajaiona. Kazi ya Tabaka imetawanyika. Shimo liko upande huu, anayepasua mawe yuko ng'ambo ya njia, anayechonga yuko nyumbani kwake, anayesugua yuko nyuma ya jikoni na beseni lake. Hakuna paa moja linaloifunika yote, kwa hiyo mtu anayetaka kuielewa hana budi kutembea. Wala hahitaji kuongozwa. Alifuate jiwe tu, linakotoka na linakokwenda, na kila afikapo kwenye ua wa mtu apige hodi, aamkie "bwakire" ikiwa ni asubuhi, asubiri kukaribishwa. Kiti kitaletwa.

Anza shimoni. Machimbo ya Tabaka ni mashimo ya kuchimbwa kwa mikono: jembe kwanza, kwa sababu juu ya jiwe kuna udongo mwingi ambao hauna bei, kisha sururu na mtarimbo. Vijana huondoa udongo huo muda mrefu kabla hawajaona chochote cha kuuza. Wakilifikia jiwe hawalirukii. Hulimwagia maji walione rangi, hulipiga kidogo kwa kichwa cha mtarimbo na kusikiliza. Jiwe zima hulia kwa sauti kali. Lenye ufa ndani hutoa sauti nzito, butu. Mchimbaji mzoefu atakuonyesha kwa kidole mahali bonge litakapoachia, kisha atalipiga na litaachia papo hapo. Gusii hunyesha karibu mwaka mzima, na mvua ndiyo adui wa kazi hii. Mashimo hujaa maji, kuta hulegea, na zimewahi kuwaangukia watu. Ukisimama ukingoni simama mbali, na usimwite mtu aliye chini ageuke akutazame.

Rangi utaziona hapo hapo shimoni kabla msasa haujazifikia. Kuna nyeupe na ile ya maziwa, ambazo ndizo nyingi. Kuna kijivu, kuna ya njano iliyokolea, kuna waridi yenye mishipa ya damu ya mzee, na kuna nyeusi. Kila rangi ina tabia yake chini ya kisu. Wanajiolojia hupima ugumu wa madini kwa kipimo cha Mohs, talki ikiwa 1 na almasi 10. Ukucha wa binadamu uko kwenye 2 na nusu hivi. Jiwe la sabuni husifiwa kuwa laini kwa sababu ya talki, lakini jiwe la Tabaka limechanganyika na madini mengine, na ndiyo maana bonge moja hukatika kwa ulaini na la jirani yake likakataa. Mchongaji hana haja ya kipimo. Hulikwaruza kwa ukucha wa dole gumba, akatazama alama iliyobaki, akanunua au akapita.

Kutoka shimoni mawe hupanda kwa toroli au kwa mabega hadi kwa wapasuaji. Hapa mgeni hushangaa, na ana haki ya kushangaa, kwa sababu mtu anakata jiwe kwa panga. Panga lile lile la kufyekea. Bonge limelowekwa, limeegemezwa kwenye gogo, na vipande vinaruka. Pengine ni msumeno wa mbao unaokwenda na kurudi, ukitoa uji mweupe badala ya vumbi. Maji ni nusu ya ufundi wa Tabaka. Jiwe lililotoka ardhini likiwa na unyevu wake hukatika kwa urahisi; likikaushwa na jua huwa gumu na huvunjika vibaya. Maji pia hulituliza vumbi, ambalo si zuri kwa kifua cha mtu, na utaona wengi wakifanya kazi bila kitambaa puani. Hilo silisifu.

Kisha keti kwa mchongaji, na ukiketi, kaa. Dakika kumi za kwanza hutaona kitu. Ameshika donge lisilo na umbo, analipiga kwa panga dogo, analigeuza, analipiga tena, wala hakuna mchoro popote. Halafu mara moja kuna mgongo. Mgongo wa nani hujui bado. Halafu kuna shingo iliyoinama, na unagundua kwamba tangu mwanzo mikono ile ilijua inakokwenda. Panga huwekwa chini, kisu huchukuliwa, kisha tupa. Kila chombo huondoa kidogo kuliko kilichotangulia, na kazi yenyewe inazidi kwenda polepole. Mchongaji mzuri unamjua hapa: si kwa kasi ya mwanzo, ambayo hata mwanafunzi anayo, bali kwa jinsi anavyopunguza mwendo.

Kuna jambo ambalo mtembeaji hulielewa baada ya kupita nyua tano au sita, na mnunuzi wa dukani anaweza asilielewe kamwe. Kazi za Tabaka karibu zote zimejikunja. Mtu anayewaza ameweka kichwa magotini na mikono imezunguka miguu. Mama amemkumbatia mtoto hadi huoni mmoja anaishia wapi. Tembo ameushusha mkonga ukagusa kifua. Watu husema ni mtindo, ni falsafa ya jamii na umoja. Labda. Mimi nasema ni jiwe lililoamua. Jiwe hili halina nyuzi kama mti. Mkono ulionyooshwa hewani utavunjika njiani kabla haujafika Narok. Wamakonde, ambao huchonga mpingo, wanaweza kutoboa, kunyoosha na kupandisha watu juu ya watu, kwa kuwa mpingo unabeba. Wakamba wa Wamunyu, ambao sanaa yao ya biashara ilianzia kwa Mutisya Munge baada ya kujifunza kwa Wazaramo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wanaweza kumpa swala miguu myembamba kama ya swala. Mgusii amepewa jiwe. Basi ametafuta uzuri ndani ya bonge lenyewe, akaurudisha kila mkono mwilini, na katika kufanya hivyo akavumbua umbo ambalo leo hutambulika popote duniani bila kusomwa maandishi ya chini.

Twiga, kwa hiyo, simpendi. Wapo, wamejaa madukani, na mafundi wanawachonga kwa sababu watalii wanawataka. Lakini kila twiga wa jiwe ana wasiwasi shingoni.

Ninachokipenda kuliko vyote ni seti ya sataranji. Ina kete 32, na kati yake askari ni 16, wanane kila upande, na askari hao wanatakiwa kufanana. Hakuna mashine ya kukereza. Fundi huchonga wa kwanza kwa makini, anamweka mbele yake kwenye ubao, na waliobaki wanapimwa kwa jicho na kwa upana wa kidole. Chukua wawili ukiwa dukani, uwasimamishe bega kwa bega. Watatofautiana, ila kwa kiasi ambacho lazima ukitafute. Ukitaka kujua mkono wa fundi, usitazame mfalme wala malkia, maana hao kila mtu anawahangaikia. Tazama askari wa mwisho, aliyechongwa jioni.

Tabaka pia imetoa mawe makubwa. Elkana Ong'esa, aliyezaliwa mwaka 1944, alitoka katika kazi hii hii akasoma Makerere, na sanamu yake ya ndege wa amani imesimama makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Mwaka 2014, Kenya ilipoalikwa kwenye tamasha la utamaduni la Smithsonian jijini Washington, alikuwa miongoni mwa waliochonga mbele ya umma. Ndege wake ana kanuni ile ile ya askari wa sataranji: bawa halitoki nje likaachwa peke yake, limerudi mwilini. Tofauti ni ukubwa, na ujasiri wa kuacha sehemu kubwa ya jiwe bila kuigusa.

Sasa pita nyuma ya nyumba. Huku ndiko waongoza watalii wasikofika, na huku ndiko kazi inakomalizikia. Wanawake wameketi kuzunguka mabeseni na makarai, maji yamegeuka maziwa, na kila mmoja ana kipande cha msasa kilichokunjwa vidoleni. Kazi iliyotoka kwa mchongaji ina makovu ya tupa mwili mzima. Msasa mkavu mkali huyaondoa makovu, kisha msasa wa maji huondoa alama za ule wa kwanza, kisha mwingine laini zaidi huondoa alama za huo. Baina ya hatua na hatua kitu huoshwa, huinuliwa kwenye mwanga, huzungushwa. Mama anayesugua haangalii sana, anapapasa. Kidole kinapita ndani ya bakuli, kinasimama mahali ambapo mimi nisingeona kitu, na msasa unarudi pale. Hufanya hivyo huku akizungumza na jirani yake habari za mazishi ya wiki ijayo, wala mazungumzo hayakatiki.

Ule ulaini unaokufanya ushindwe kukirudisha kitu rafuni umetoka hapa, kwenye beseni. Mchongaji hutoa umbo. Lakini jina likiandikwa chini ya kazi, ni la mchongaji, na malipo ya kusugua, yanayohesabiwa kwa kipande, ndiyo madogo kuliko yote katika safari nzima ya jiwe. Vidole vya wanawake hawa vimelainika ncha kama mawe wanayoyasugua.

Likishakauka juani, jiwe huenda njia mbili. Lile la waridi au la kijivu hupakwa nta na kung'arishwa kwa kitambaa, na limekwisha. Lile jeupe huenda kwenye rangi: nyekundu, buluu, ya machungwa, nyeusi. Rangi ikishika, mwenye kisu chembamba huikwaruza, na weupe wa ndani hutokea kwa mistari: punda milia, migomba, duara, majani. Mkono unaokwaruza haurudi nyuma, maana mstari uliokosewa haufutiki. Ufundi wake naukubali, ingawa rangi zenyewe huzidi. Zina kosa jingine pia: huficha. Kitu kilichovunjika kikaunganishwa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa jiwe hakionekani chini ya rangi. Jiwe lililopakwa nta tu haliwezi kukudanganya.

Mwisho wa njia ni maboksi. Vikundi vya kujisaidia kama Smolart hufunga kazi kwa karatasi na majani makavu zikaenda ng'ambo, kwa wanunuzi kama Ten Thousand Villages, biashara iliyotokana na kazi aliyoianza Mmenonite Edna Ruth Byler mwaka 1946. Nyingine huenda Maasai Market ya Nairobi na maduka ya Mombasa. Nyingine hazifiki mbali. Zinaishia mjini Kisii, na ukirudi huko jioni utazikuta zimepangwa.

Mji wenyewe unatembeleka, ukiuvumilia msongamano wake na vilima vyake. Waingereza waliuanzisha kama kituo cha serikali mwaka 1907. Mapema mwaka uliofuata Otenyo Nyamaterere, kwa uchochezi wa mtabiri Moraa wa Ngiti, alimchoma mkuki ofisa wao, Northcote, na nchi ya Wagusii ikalipia kwa nyumba zilizochomwa na ng'ombe waliotwaliwa. Northcote alipona. Ni yeye aliyekuja kuwa gavana wa Hong Kong kuanzia 1937 hadi 1941, na sidhani kama huko alisimulia sana habari za Kisii. Ukishuka hadi soko la Daraja Mbili, tafuta ekee, kikapu cha kusokotwa ambamo huko Kisii na Nyamira hupakuliwa ugali wa wimbi. Kiinue, ukitazame mviringo wake, halafu kumbuka mabakuli ya Tabaka. Mimi huona udugu hapo, ingawa mafundi niliowauliza walicheka tu.

Ukienda, nenda siku ya jua, vaa viatu usivyovionea huruma, na beba noti ndogo, kwa sababu fundi aliye uani kwake hana chenji ya elfu. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Nunua bakuli la waridi lisilo na rangi, lenye kitako kinachokaa mezani bila kutikisika. Na kabla hujalipa uliza ni nani alilisugua, kisha umlipe huyo naye, mkononi mwake.