Tuta Huokolewa Miguuni

Tetemeko lililoibomoa Kobe, Japani, tarehe 17 Januari 1995 lilifika hadi Osaka. Huko Torishima, karibu na mahali mto Yodo unapoingia baharini, tuta la kuzuia maji lilititia hadi takriban mita 3, na sehemu iliyoharibika ilikaribia urefu wa kilomita 2. Nyuma yake ni mji uliojengwa bondeni.

Ugonjwa ulikuwa chini ya tuta, kwenye mchanga uliolegea na kushiba maji. Ukitikiswa, chembe zake hutaka kubanana kama mahindi ndani ya debe linalosukwasukwa, ila maji yaliyo katikati hayapati muda wa kutoka. Shinikizo lake hupanda mpaka chembe zinaachana, na ardhi haibebi tena kitu. Uzito wa tuta hukamilisha balaa: mchanga hutorokea pembeni, upande wa mto na upande wa nyumba.

Basi huna haja ya kulibomoa tuta ili utibu kila futi ya ardhi iliyo chini yake. Ziba njia ya kutorokea. Ndiyo maana mitambo husimama miguuni pa tuta, pande zote mbili. Bomba la chuma lenye kipenyo cha sentimita 40 huzamishwa hadi chini ya mchanga mbovu, mchanga mpya humiminwa ndani yake, kisha bomba huvutwa juu kidogo na kurudishwa chini likiushindilia mpaka nguzo ipanuke kufikia sentimita 70 hivi. Vuta, rudisha, vuta, rudisha, hadi juu. Mtazamaji hudhani kazi ni nguzo. Kazi hasa ni kuubana mchanga wa zamani uliobaki kati ya nguzo na nguzo.

Penye nyumba jirani mtetemo wa kazi hiyo ni kero, hivyo saruji hukorogwa na udongo humo humo ardhini kwa mapanga yanayozunguka, nguzo zikipandana hadi ziwe ukuta.

Ninachokipenda katika mpango huu ni kutojidai. Hakuna aliyeahidi kwamba tuta halitashuka. Linaruhusiwa kushuka, mradi kilele kibaki juu ya maji hadi mafundi wafike.

Tetemeko la Machi 2011 liliharibu matuta katika sehemu zaidi ya 2,000 kaskazini-mashariki mwa Japani na katika eneo la Kanto. Yaliyokuwa yametibiwa kwa jumla yalistahimili. Kilichowashtua wahandisi ni matuta yaliyoharibika juu ya udongo mfinyanzi, ambao hauna tabia hiyo ya mchanga. Kwa miaka mingi uzito wa tuta ulikuwa umeubonyeza mfinyanzi, kitako cha tuta kikazama na kutuamisha maji, na mchanga wa tuta lenyewe ndio ulioshindwa. Hapo nguzo hazisaidii kitu. Tuta la aina hiyo huchimbiwa mfereji wa mawe miguuni, maji yake yatoke kabla ya tetemeko.