Vita Inayosikika

Wengi wakiisifu Saving Private Ryan, filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1998, husifu kamera. Wana haki. Mimi lakini sifa zangu nazipeleka kwanza kwa Gary Rydstrom, fundi wa sauti.

Kisa kinajulikana: Juni 1944, Kapteni Miller na wenzake saba wanapenya Normandy, Ufaransa, katikati ya Wajerumani, kumtafuta askari wa miavuli ambaye ndugu zake watatu wameshauawa vitani. Kazi kama hiyo ni ya masikio. Kila ukuta unaweza kuficha bunduki, na anayewahi kusikia ndiye anayewahi kulala chini.

Pale ufukweni Omaha, askari wanatumbukia majini kutoka kwenye boti. Juu ni vishindo. Chini ya maji sauti inafifia, na risasi zinapita zikichora mistari tu. Wakiibua vichwa, vita inawarudia yote kwa mkupuo. Baadaye mlipuko unamziba Miller masikio: askari anamfokea usoni, tunaona midomo inacheza, neno hatulipati. Na hakuna muziki. John Williams, mtunzi wa filamu hii, ameachwa nje ya mapigano yote. Uamuzi huo naupenda mno, kwani muziki humjulisha mtazamaji lini aogope na lini apumue.

Kuna mahali mvua inaanza kunyesha. Tunaonyeshwa majani kwa karibu, tone moja moja likidondoka, ta, ta, ta, kisha matone yanazidi, na kabla hujajua umevukaje, unachosikia ni bunduki.

Halafu Ramelle, mji uliobomoka. Askari wamekaa wakisubiri, santuri ya Edith Piaf inaimba, mmoja wao akiwatafsiria maneno. Chini ya sauti ya yule mama unaingia mngurumo. Wanainua vichwa. Vifaru vya Wajerumani tunavisikia kitambo kirefu kabla ya kuviona, na kitambo hicho ndicho kinachoumiza, maana kila mmoja pale anajua kinachokuja.

Filamu hii ilipata Oscar 5. Mbili kati yake ni za sauti, na zilistahili. Ukiitazama, tafadhali usiitazamie kwenye spika ya simu. Tafuta spika nzuri, au vaa hedifoni.