Kijiti kwa Sauti Tatu

Wapenzi wa muziki wa Ulaya wana ada moja ya kupendeza. Huichukua kazi moja ya mtunzi mkubwa, wakaweka rekodi zake mbili tatu kando kwa kando, wakazipima. Simfoni ya Tisa ya Beethoven, iliyopigwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Vienna mwaka 1824, imebishaniwa hivyo kwa miaka mingi. Wako wasioondoka katika rekodi ya Wilhelm Furtwängler ya Bayreuth ya mwaka 1951, na wako wanaoitanguliza ile ya Herbert von Karajan na okestra ya Berlin ya mwaka 1962. Mmoja huenda kwa utulivu wa mtu aombaye, mwingine hukaza mwendo. Hata hivyo nota walizozisoma ni zile zile alizoziandika mtunzi kwa mkono wake, na ubishi ukipamba moto, daima pana karatasi ya kurejea.

Mwambao wa Waswahili una hazina inayostahiki ubishi wa namna hiyo, lakini hauna karatasi. Nyimbo za Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyefariki mwaka 1950, zilitungwa na kukamilishwa barazani, naye akiwa pamoja na wenzake, akina Maalim Shaaban, Subeit na Mbaruk. Mwaka 1928 Siti alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri za Kiswahili, na baada ya hapo sauti yake ikawa inasikika mahali asipopata kukanyaga. Kwa nyimbo hizi santuri ndiyo nota. Anayetaka kujua wimbo ulikuwaje hana budi kurejea kwenye sahani, na sahani ina mipaka yake.

Katika nyimbo hizo, hapana unaofaa kupimwa kwa kulinganisha rekodi kuliko Kijiti. Kisa chake, kwa mujibu wa wimbo na masimulizi yaliyoufuata, ni hiki. Mwanamke mjamzito alivuka kutoka bara akaja Unguja kutembea. Akatoka na wenziwe kwenda kustarehe, na huko mtu aitwaye Kijiti akamchukua, akamtendea ubaya, akamuua. Muuaji akavuka bahari, akatoweka. Kesi ilipofika mahakamani, waliotiwa hatiani ni wanawake waliofuatana na marehemu. Wimbo ukatungwa, na hukumu ambayo mahakama ya wakati wa Waingereza haikuitoa ikatolewa na kadamnasi ya Ng'ambo.

Kwa upande wa utungaji, wimbo umekaa katika kawaida ya nyimbo za mwambao: mishororo ya mizani kumi na sita, iliyogawanywa vipande viwili vya nane nane. Ubeti wa mwanzo una jambo la kutisha. Kina cha mwisho kimejengwa juu ya jina la Kijiti mwenyewe, na kina hicho hicho ndicho kinachokuja kulipokea neno maiti. Kati ya maneno hayo mawili limewekwa jina la mchezo wa watoto wa kufukuzana. Jina la mtu, mchezo, maiti: mshairi hakuhitaji kulaani, kwani vina vimekwisha kutoa ushahidi. Basi mwimbaji yeyote wa Kijiti apimwe kwanza kwa hilo. Je, vina hivyo vinasikika? Mwenye kusikiliza anafika kwenye maiti kwa njia ile ile aliyopitishwa na mtunzi?

Swali hili ni jepesi kwa msikilizaji wa Unguja, ambaye kisa huenda amekirithi kwa bibi yake. Lina uzito zaidi kwa msikilizaji wa Maposeni. Maposeni iko Songea, mkoani Ruvuma, jirani na Peramiho, na kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara, kabla ya kufikiriwa kuvuka bahari. Kiswahili ni lugha yao kama ilivyo lugha ya mtu wa Mkunazini. Masikio, hata hivyo, yamelelewa kwingine: kwa lizombe, na kwa nyimbo za kwaya zilizoenea tangu Wabenediktini walipoanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898. Tanganyika hiyo hiyo ilimtoa Padre Stephen Mbunga, ambaye kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu kilichapishwa mwaka 1963. Kwayani sauti zote hutamka silabi moja kwa wakati mmoja, na neno halina pa kujificha. Taarabu hulichukua neno, ikalivuta, ikalizungusha, ikalirudisha likiwa limebadilika sura. Sikio lililozoea kwaya hudai neno kwanza. Dai hilo wapenzi wa taarabu wasilidharau, maana ndilo dai la shairi lenyewe.

Ukimweka msikilizaji huyo mbele ya santuri ya Siti, jambo la kwanza atakalolisikia ni mikwaruzo. Chini yake ipo fidla, upo udi, na juu yake sauti ya juu, kavu, isiyobembeleza. Upande mmoja wa sahani za wakati ule ulichukua muziki wa kama dakika tatu. Wimbo wa beti nyingi ulilazimika kupunguzwa au kugawanywa pande mbili, na mwimbaji hakuwa na nafasi ya kutanua kama alivyozoea katika hafla ya usiku kucha. Wengi huutaja ufupi huo kama hasara. Kwa Kijiti ni faida. Siti haombolezi, anaarifu. Beti zinafuatana kama mashahidi wanaoitwa mmoja baada ya mwingine, na vina vinagonga mahali pake. Aliwaimbia watu waliokijua kisa, baadhi yao wakiwajua na wahusika, kwa hiyo hakuhitaji kuwafundisha huzuni. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba jambo halisahauliki.

Lakini faida hiyo ina bei. Ushahidi ukitolewa kwa haraka, mbele ya watu wanaojua, asiyejua hubaki nyuma. Majina ya wanawake walioadhibiwa hupita mara moja, na msikilizaji wa mbali hawezi kutambua kama anatajiwa shahidi, mshtakiwa au rafiki. Ukiongeza mikwaruzo ya sahani iliyozeeka, sehemu nzima ya hoja, ile inayomlaumu hakimu, yaweza kupotea. Rekodi ya Siti ndiyo yenye ukweli mwingi kuliko zote, nayo ndiyo inayomtaka msikilizaji aje na ujuzi wake mkononi.

Sauti ya pili ni ya Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013 baada ya umri mrefu uliowashinda wengi kuuhesabu. Nyimbo za Siti alizipata kwa kusikiliza tangu ujanani, na alipozirekodi uzeeni, dunia ilikuwa imeanza kumtambua. Tuzo ya WOMEX aliipata mwaka 2005. Sauti yake haina wepesi wa Siti. Ni nzito, ina mkwaruzo wa moshi, inasukumwa kutoka kifuani kama mtu asukumaye mlango uliokaza. Kwa tabia yake Bi Kidude hakuwa mhifadhi. Beti aliziacha, akazirudia, akazipangua kama zilivyomjia siku ile. Mwenye kushika maandishi ya wimbo mkononi humwona ameharibu.

Hukumu hiyo haimtendei haki. Bi Kidude alikuwa pia mwalimu wa unyago na mpigaji ngoma, na kazi ya somo wa unyago ni kumwonya mwari juu ya mambo yanayoweza kumfika. Katika kinywa chake Kijiti haukuwa tena habari ya mtu mmoja aliyetoroka. Ukawa onyo. Msikilizaji wa Maposeni asiyejua jina hata moja ataelewa tangu pumzi ya kwanza kwamba mwanamke amedhulumiwa na kwamba mwanamke mwingine, mzee, hajasamehe. Anachokikosa ni kesi yenyewe. Hasira imefika salama, hoja imebaki njiani. Mahakama iliyowatia hatiani wasiostahiki hufifia, akabaki Kijiti peke yake akiwa zimwi. Na zimwi, kwa ubaya wake wote, huwapunguzia wengine lawama.

Sauti ya tatu ni ya Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, ambaye albamu yake Siti of Unguja ilitoka mwaka 2020 chini ya uongozi wa muziki wa Mohamed Issa Matona. Hapa hakuna mikwaruzo wala haraka. Ala zimeachiwa nafasi, studio imeongeza kina na giza, na sauti ya mwimbaji imewekwa karibu kabisa na sikio. Kwa anayedai neno kwanza, hii ni neema: silabi hukaa hewani muda wa kutosha kuokotwa. Vina vilivyokimbia katika santuri ya Siti binti Saad hapa vinasimama vikatazamwa.

Hatari iko katika uzuri huo huo. Wimbo ulioletwa polepole, katika giza la kupendeza, humkaribisha msikilizaji auonje kabla ya kuuelewa. Asiyejua Kiswahili atapata huzuni ya jumla, ile inayofaa kwa saa yoyote ya usiku, bila kujua kwamba kuna mtu aliyeuawa na watu walioonewa. Hilo si kosa la mwimbaji. Ni mwisho wa safari ndefu ya taarabu kutoka baraza la mtaa hadi soko la dunia, ambako lugha huhesabiwa kuwa ala mojawapo. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, awe wa Maposeni au wa Makunduchi, jambo ni jingine. Kwake polepole hiyo yaweza kuwa silaha, kwa sababu inampa nafasi ya kusikia kila tuhuma. Rekodi moja, basi, kwa wengine ni pambo na kwa wengine ni mashtaka, na kinachotenganisha hali hizo mbili ni lugha.

Ipi basi itangulizwe? Kwa kutunza utungo, Siti binti Saad hana mpinzani, na kila anayeimba Kijiti anakopa kwake. Kwa kuufikisha uchungu kwa mtu asiye na habari, Bi Kidude yuko mbele. Kwa msikilizaji anayetaka kusoma shairi kwa sikio, mstari kwa mstari, Siti Muharam amefungua mlango uliokuwa umefungwa na teknolojia ya zamani. Atakayelazimishwa kubaki na moja abaki na santuri, kwani hasira na utulivu vyaweza kupatikana tena, ilhali kilichokatwa katika ushahidi hakirudi. Lakini asiisikilize bila maneno mkononi.

Na hapo ndipo upungufu ulipo. Beethoven anayo karatasi yake na bado rekodi zake huuzwa pamoja na vijitabu vya maelezo. Kijiti, ambao hauna karatasi, ndio uliostahiki zaidi kuandamana na maandishi: beti zote kwa Kiswahili, tofauti za waimbaji zikionyeshwa, na kisa kikielezwa kwa heshima ya waliodhulumiwa. Kazi hiyo ni ya washairi wa visiwani na wahifadhi wa nyaraka kabla haijawa ya kampuni za muziki. Mzanzibari anayeamini kwamba kila mtu anakijua kisa hiki ajiulize ni wangapi kati ya vijana wa mtaani mwake wanaoweza kukisimulia.

Liko na neno moja la kuzingatiwa zaidi ya yote. Wimbo unamwita marehemu mgeni. Sikio la Unguja hulipitia neno hilo bila kukwama, kwani mgeni ni mtu aliyekuja kutoka kwingine. Maposeni hawawezi kulisikia hivyo. Kwao huyo si mgeni, ni binti wa bara aliyevuka maji akiwa na mimba, na ambaye nyumbani kwao palikuwa na watu waliokuwa wakimngoja. Kichwa cha wimbo kimelitunza jina la muuaji. Anayeusikiliza akiwa upande wa bara husikia kwanza yule aliyetoka kwao asirudi, na kila rekodi ya Kijiti, ya zamani na ya sasa, ina deni la kumfikisha kwake.