'Mwisho Mkubwa' ni tafsiri inayopotosha

Istilahi mbaya haiishii kuudhi masikio tu. Huweza kuharibu kazi. Leo naikosoa tafsiri ambayo nimekutana nayo mara kadhaa katika miswada ya kompyuta: 'mwisho mkubwa' na 'mwisho mdogo'.

Asili yake ni fasihi. Mwaka 1726, Jonathan Swift katika Gulliver's Travels aliwachora watu wa Lilliput na Blefuscu wakipigana kwa sababu ya yai: livunjiwe ncha pana au ncha nyembamba? Mnamo 1 Aprili 1980, Danny Cohen aliiazima kejeli hiyo kueleza ugomvi wa wahandisi kuhusu mpangilio wa baiti. Hoja yake ilikuwa nzuri: upande wowote wafaa, mradi tukubaliane.

Tatizo lilizuka katika tafsiri. Ncha ya Swift ni ile ambayo mlaji huanza nayo. Kwa hiyo 'big-endian' ni mpangilio ambao baiti yenye thamani kubwa hutangulia. Sasa mwanafunzi akisoma 'mwisho mkubwa' ataelewa nini? Ati kubwa inakuja mwisho! Kinyume kabisa.

Tazama madhara yake. Nambari 258 huhitaji baiti mbili: 1 na 2, yaani 256 mara 1, jumlisha 2. Kadi ya mtandao inayotanguliza ndogo huziweka 2 kisha 1. Anayetanguliza kubwa akizisoma hivyo hivyo, anapata 513. Basi kiendeshi, yaani programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuwasiliana na kadi hiyo, kitadhani kimeletewa baiti 513 na kuvuka mpaka wa data halisi. Tena kosa hili hujificha. Prosesa za Intel hutanguliza ndogo, kwa hivyo huko kiendeshi kitafanya kazi miaka na mikaka. Kihamishie kwenye mashine inayotanguliza kubwa, uone kitakachotokea!

Waandishi wa Linux wamelikabili jambo hili kwa kutumia majina. Aina za data huitwa __le32 au __be32, mpangilio ukitajwa ndani ya jina lenyewe, na programu ya ukaguzi iitwayo Sparse huweza kumwonya anayezichanganya. Ni sawa na tarehe 3/4: kwetu ni 3 Aprili, Marekani ni 4 Machi. Taja mwezi kwa jina na utata unakwisha.

Wapo watakaosema kwamba istilahi inapaswa kufuata Kiingereza ili mwanafunzi asipotee atakaposoma vitabu vya kigeni. Lakini mwanafunzi huyo amekwisha kupotea kabla hajavifikia vitabu hivyo. Kinachopaswa kuhamishwa ni maana, si yai la Swift.

Pendekezo langu ni 'kubwa kwanza' na 'ndogo kwanza'. Hata asiyewahi kumsikia Swift atajua baiti ipi inatangulia, na hilo ndilo jambo la pekee ambalo mwandishi wa kiendeshi anahitaji kuambiwa na istilahi hiyo.