Nyumba Njema Si Mlango

Wapo watu wanaounda chama, si kwa kutafuta faida, bali kwa kuutengeneza mji wanamokaa: nyumba zake, njia zake, viwanja vyake. Kazi hiyo ni njema. Lakini kazi njema nayo yapasa kupimwa, ili tujue imefaa wapi na imepungukiwa wapi. Wasomaji wapenzi, leo twapima kazi ya chama kimoja cha Uingereza, jina lake Civic Trust, kilichoanzishwa mwaka 1957 na Duncan Sandys, mmoja wa mawaziri wa serikali ya huko.

Kazi yake iliyosifiwa sana ilifanyika mwaka 1959 katika mji wa Norwich, kwenye mtaa uitwao Magdalen Street. Ulikuwa mtaa wa kale, wenye maduka mengi, nao umechakaa. Kila mwenye duka alipaka rangi yake na kutundika kibao chake bila kumtazama jirani. Chama kikawaita wenye maduka na wakubwa wa mji, naye Misha Black, fundi wa michoro, akaiongoza kazi. Wakapatana juu ya rangi za kulingana na maandishi ya kupendeza. Wakaondoa vibao na vikorokoro visivyo na faida. Mtaa ukang'aa, na miji mingine mingi ikafuata mfano huo.

Tusifu kinachostahili sifa. Kuwapatanisha majirani wanaogombea wanunuzi si jambo dogo. Rangi huchujuka, lakini watu waliokwisha kuketi pamoja kushauriana habari za mtaa wao wamejifunza jambo lisilochujuka.

Hata hivyo twaona upungufu. Wazee walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kazi ile ilitazama uso wa nyumba. Mpita njia alifurahi, lakini rangi ya mbele haizibi paa linalovuja nyuma. Tena liko kubwa kuliko hilo. Waliopamba mtaa hawakuwa na amri juu ya mtaa wenyewe. Mji ulikuwa na mpango wa njia kubwa ya magari, ya kuzunguka katikati ya mji. Nyumba zikabomolewa kuipisha, na mwaka 1972 daraja lake likafunguliwa, likipita juu ya Magdalen Street. Lingalipo hata leo. Basi, miaka 13 tu baada ya kupambwa kama bibi arusi, mtaa ule ulitwishwa zege kichwani!

Je, chama kilijisumbua bure? Hatusemi hivyo. Sandys alipeleka bungeni sheria mpya, ikapita mwaka 1967. Kwa sheria hiyo, mtaa mzima waweza kulindwa kwa ajili ya uzuri wake au historia yake, si jengo moja moja tu. Mitaa maelfu imelindwa hivyo. Hapo chama kiliacha kopo la rangi kikaingia mahali pa shauri, na kwa maoni yetu sheria ile imefaa kuliko rangi yote iliyopakwa Norwich.

Chama chenyewe kilifungwa mwaka 2009, kwa kukosa fedha. Lakini huko Norwich kiko chama cha wenyeji, kilichoanzishwa mwaka 1923, nacho kingali kinafanya kazi. Sababu yake twaiona wazi: wenyeji hawahami fedha zinapokwisha.

Kwa hiyo, wakija watu wema kuupamba mtaa, tuwapokee kwa shukrani, kisha tuwaulize maneno matatu. Aliye ndani ya nyumba atapata nini? Nani ana amri juu ya njia inayopita mbele yake? Nanyi mkiisha kuondoka, nani atabaki kuutunza? Asiyeweza kujibu ameleta rangi tu.